Kulabu Isiguswe

Kivuva alivaa sweta mbili chini ya koti lake la kazi, na mkewe Mutindi, aliyekuwa akichemsha chai, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mabati ya nyumba yao pale Noonkopir yalikuwa yameanza kulia kwa jua hata kabla watoto hawajaondoka kwenda shule. Mwanamume anayevaa sweta mbili katika joto la Januari huwa ana jambo analolificha.

"Uko na homa," Mutindi alisema hatimaye.

"Niko na baridi kidogo."

"Baridi gani? Macho yako ni mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi."

"Ni usingizi, Mama Kaluki. Nipe chai niende."

Alipopokea kikombe, chai ilimwagika juu ya vidole vyake. Alikishika kwa mikono yote miwili, akanywa kidogo, akakirudisha.

Kichinjio alichofanyia kazi kilikuwa kimefunguliwa majuma mawili tu yaliyopita. Krismasi ile ya mwaka 2006 yote ilipita kikiwa kimefungwa kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, iliyokuja baada ya mvua kubwa na mbu wengi, ikawafanya kondoo watupe mimba malishoni na wachungaji watokwe damu puani. Watu waliacha kula nyama. Vibanda vya nyama choma kando ya barabara ya Namanga viligeuka vya kuuza maharagwe. Kaunsili ilipokubali kukifungua tena, ilitunga sheria ya dharura ya kuwalinda wafanyakazi, na chifu akaisoma mbele ya lango la kichinjio, huku Mutindi mwenyewe akiwa amesimama mstari wa kwanza.

Kifungu cha kwanza kilisema kwamba mtu yeyote asishike damu bila glavu na gambuti. Cha pili kilisema kwamba mfanyakazi atakayeripoti homa atatibiwa bure, na nafasi yake haitapewa mtu mwingine mpaka apone. Hapo watu walipiga makofi mpaka chifu akalazimika kuinua fimbo yake. Kulikuwa na kifungu cha tatu pia, lakini kilisomwa wakati watu walikuwa wameanza kukung'uta matope viatuni, wakijiandaa kwenda zao.

Walipiga makofi kwa sababu ya kulabu. Katika kichinjio kile hapakuwa na mtu aliyeandikwa kazi. Mwenye kichinjio, Bwana Githongo, alikuwa na jengo, maji na reli ya chuma iliyopita juu ya vichwa vya watu. Wenye bucha walileta mifugo yao. Baina ya hao wawili walisimama wachunaji, kila mmoja chini ya kulabu yake mwenyewe iliyoning'inia relini, na mwenye bucha akimlipa kwa kila mnyama aliyetundikwa hapo na kuchunwa ngozi. Anayemiliki kulabu alikuwa na kazi. Asiyenayo alifagia kinyesi nje ya lango akingoja mtu afe. Nao walikuwa na kanuni yao ya zamani: kulabu hailali njaa. Mchunaji akikosekana asubuhi tatu, mwingine alitundika mbuzi pale pale, na kulabu ikawa yake.

"Sheria inasema uripoti," Mutindi alisema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Hawawezi kukunyang'anya."

"Sheria haikuwahi kuchuna ngozi."

"Na wale wachungaji waliokufa kwa homa hii walikuwa na kulabu? Si ni baridi kidogo tu walisema?"

Kivuva alichukua visu vyake vilivyofungwa kwa gunia. Mlangoni alisimama, akiwa ameshika nguzo.

"Asubuhi tatu, Mama Kaluki. Mimi mwenyewe niliipata hivyo. Sijasahau uso wa yule mzee akirudi kutoka hospitali."

Akaondoka akitembea taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Mutindi aliosha vikombe. Alifagia nyumba, kisha akaifagia tena. Halafu akajifunga leso safi kichwani, akaenda kwenye afisi ya afisa wa afya.

*

Afisa huyo aliitwa Kahiga. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na hakuwa amelala vizuri tangu Desemba. Alimsikiliza Mutindi mpaka mwisho, akamshukuru, akamwambia kwamba laiti wanawake wote wangekuwa kama yeye, ugonjwa ungekwisha mapema. Mutindi aliona haya kwa furaha. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumshukuru kwa lolote.

Walipofika kichinjioni pamoja na askari wawili wa kaunsili, Kivuva alikuwa chini ya kulabu yake, amepiga goti moja, kisu kikiwa mkononi na kondoo akiwa amechunwa nusu. Hakuuliza walichokuja kufanya. Alimwona mkewe langoni, akaweka kisu chini.

"Ni mimi," alisema, kabla hawajataja jina.

Wachunaji wote waliacha kazi. Munguti, jirani yao wa ploti moja na mwenye kulabu iliyofuatana na ya Kivuva, alimsaidia kusimama, akamfungua aproni mgongoni kwa sababu vidole vya Kivuva havikuweza tena kupata fundo.

"Pole, ndugu yangu," Munguti alisema. "Enda upone. Hiyo kulabu nitailinda hata kwa mapanga."

Kahiga aligeuka kuwatazama wote. "Hakuna haja ya mapanga. Sheria itailinda. Bwana Githongo, umesikia?"

"Nimesikia," Githongo alisema. Alikuwa mtu mnene, mwangalifu, aliyeogopa faini kuliko alivyoogopa ugonjwa. "Mimi ni mtu wa sheria. Leteni rangi."

Rangi nyekundu iliyotumika kupigia mihuri ililetwa. Githongo mwenyewe akapanda juu ya ndoo na kuandika ukutani, nyuma ya kulabu: ISIGUSWE. Watu wawili watatu wakacheka. Mutindi, akiwa bado langoni, aliona neno lile jekundu, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Ndipo Kahiga akafungua mfuko wake na kutoa karatasi nyingine.

"Sasa kifungu cha tatu," alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Mahali patakapopatikana mfanyakazi mwenye homa patafungwa mpaka pathibitishwe kuwa salama. Nyama yote iliyo ndani itamwagiwa dawa na kuzikwa. Tafadhali muwe nje."

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mpira ambao mtu alikuwa ameusahau.

"Kufungwa mpaka lini?" Munguti aliuliza.

"Mpaka daktari wa mifugo arudi kutoka Kajiado na majibu."

"Na hizo siku sisi tunalipwa na nani?"

Kahiga alimtazama Githongo. Githongo alitazama wenye bucha. Mwenye bucha mmoja, Kinyanjui, aliyekuwa na mbuzi sita wametundikwa pale, alisema bila kumtazama mtu yeyote, "Mimi sijaandika mtu kazi. Mimi ni mteja tu, kama nyinyi mnavyonunua sukari."

Walitoka mmoja mmoja, wakivua gambuti zao langoni kama walivyoagizwa. Kila aliyempita Mutindi alimsalimu, kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu. Munguti peke yake hakumsalimu.

*

Kivuva alitibiwa bure kama sheria ilivyosema. Aliletewa dawa za kushusha homa na chupa za maji yenye chumvi, akalala, akaweweseka akitaja majina ya mbuzi wa utotoni mwake huko Mwala, kisha jasho likamtoka, na siku moja akaomba uji wa wimbi. Mutindi aliuchemsha akilia kimya kimya. Mumewe alikuwa amepona. Jambo alilolipigania alikuwa amelipata.

Lakini kichinjio kilibaki kimefungwa. Majibu yalicheleweshwa na barabara, kisha na daktari kuugua yeye mwenyewe, kisha na sababu ambayo hakuna aliyeielewa. Wachunaji walikaa kwenye vivuli vya maduka wakicheza karata bila hamu. Wengine walienda kubeba mawe kwenye majengo ya Nkoroi, wakakuta wabebaji wa mawe wamejaa. Ploti nzima ilinunua mboga kwa mkopo, na mama wa kioski akaanza kufunga dirisha mapema.

Mke wa Munguti, Katee, alikuwa rafiki wa Mutindi. Walikuwa wametoka upande mmoja wa Ukambani, wakizaa kwa kupokezana na kupikiana uji wa uzazi. Kabla ya Krismasi Katee alikuwa ameazima sufuria kubwa ya Mutindi. Sasa aliirudisha. Mutindi alifungua mlango asubuhi akaikuta kizingitini, imesuguliwa kwa majivu mpaka ikang'aa ndani na nje, kama chombo kilichotoka nyumba yenye maiti. Katee hakuwa amebisha hodi.

Siku ile ile walikutana penye mkokoteni wa maji. Punda wa muuza maji alikuwa amesimama katika matope meusi, na wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao. Mutindi alipoweka wake, aliyemfuata alisogeza wa kwake nyuma kidogo.

"Homa haishikwi kwa mtungi," Mutindi alisema. "Daktari alituambia. Ni kwa damu ya mnyama na mbu."

"Daktari wenu anawaambia mengi," mmoja akajibu. "Ni mtu wa nyumbani sasa."

Wengine wakacheka kidogo, bila furaha.

"Katee," Mutindi alisema, "kama una neno, niambie mbele ya watu."

Katee alimaliza kujaza mtungi wake. Alikuwa amekonda.

"Sina neno, Mama Kaluki. Wako alikuwa mgonjwa na amepona. Tulimwombea kanisani, si ulituona? Lakini nikuulize. Yule wako alihifadhiwa kulabu. Hawa wetu walihifadhiwa nini?"

"Sikusikia kifungu cha tatu."

"Hata mimi sikukisikia. Lakini mimi sikwenda kwa Kahiga."

Muuza maji, mzee wa Kimaasai asiyependa ugomvi karibu na punda wake, alimsalimu kwa Kimaasai, "Sopa, mama. Sogea. Wengine wanangoja." Mutindi akasogea.

Nyumbani alimkuta Kivuva ameketi kitandani, akinoa visu.

"Wamekuambia nini huko?"

"Hakuna."

"Wamekuambia," Kivuva alisema. Alijaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba. "Usijali. Kichinjio kikifunguliwa watasahau. Mtu akishiba husahau."

Hakumlaumu hata siku moja. Mutindi angeona afadhali amlaumu.

*

Kichinjio kilipofunguliwa tena, Kivuva alikuwa wa kwanza kufika langoni. Githongo mwenyewe alimpokea, akampeleka mpaka chini ya reli kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba chake.

"Ona," alisema. "Hakuna aliyeigusa. Hata nimeipaka mafuta isishike kutu. Ukiulizwa na kaunsili, utasema."

"Nitasema, Bwana Githongo. Asante."

Kulabu iling'aa. Neno lile jekundu lilikuwa ukutani nyuma yake. Kivuva alivaa aproni, akavaa glavu mpya, akapanga visu vyake, akangoja.

Wenye bucha waliingia na mifugo yao. Mbuzi walichinjwa upande ule mwingine na kuletwa relini. Wa kwanza alipita mbele ya Kivuva, akatundikwa kwa Munguti. Wa pili akapita. Kondoo wawili wakapita. Kinyanjui, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwita Kivuva "daktari wa ngozi" na kumtafuta hata Jumapili, alipita na mbuzi wake akizungumza kwenye simu ambayo Kivuva aliona wazi kwamba haikuwa imewaka.

Alingoja mpaka Kinyanjui aliporudi.

"Bwana Kinyanjui. Leo huna wa kwangu?"

"Ah, Kivuva. Umepona? Mungu ni mwema."

"Nimepona. Niko na cheti."

"Ninajua. Mimi sina shida na wewe kabisa. Shida ni wateja. Huku kila mtu anajua kila kitu. Mama akija kununua nusu kilo anauliza, hii imechunwa na nani? Ati si na yule? Nitamwambia nini? Nimwonyeshe cheti chako?"

"Unaweza kumwonyesha."

"Pole, daktari. Ngoja wasahau."

Hali ilikuwa hivyo siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Kivuva alisimama chini ya kulabu yake kuanzia mapambazuko mpaka sakafu ilipooshwa, aproni yake ikiwa nyeupe kama ya mwanafunzi wa udaktari. Wachunaji walimzunguka na kazi zao. Hawakumtukana. Mmoja alimwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa anazuia njia.

Mwishoni mwa juma alienda kwa Kahiga, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Kulabu yako iko?" Kahiga aliuliza.

"Iko, bwana."

"Imepewa mtu mwingine?"

"Hapana."

"Githongo amekukataza kuingia?"

"Ananifungulia yeye mwenyewe."

Kahiga aliondoa miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Basi sheria imefuatwa, mzee," alisema. "Sina kifungu cha kumlazimisha mtu akuletee mbuzi."

*

Jumatatu, Kivuva alisikia kisu cha Munguti kikikwaruza mfupa. Hakugeuka mara moja. Kisha akakisikia tena, akatazama.

Munguti alikuwa amevaa koti juu ya koti. Ngozi ya mbuzi aliyekuwa akimchuna ilikuwa na tundu ubavuni, kubwa la kupitisha kidole. Katika miaka yote waliyosimama pamoja, Munguti hakuwahi kutoboa ngozi. Ilikuwa ndiyo fahari yake, na wanunuzi wa ngozi walimjua kwa hilo.

"Umetoboa," Kivuva alisema.

Yalikuwa maneno ya kwanza baina yao tangu siku ya askari.

"Kisu kimeteleza."

"Chako hakitelezi."

Munguti aliweka paji la uso juu ya mkono wake, na mkono juu ya mbuzi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Niko na baridi kidogo," alisema.

Kivuva alitazama reli yote, kutoka kulabu ya kwanza mpaka ya mwisho, na watu waliokuwa wameinama chini yake, ambao ndio kwanza wameanza kulipa mikopo ya mboga.

"Utaenda kunisema?" Munguti aliuliza.

"Mimi sijawahi kwenda kumsema mtu."

"Basi Mama Kaluki."

Kivuva alichukua kisu mkononi mwa Munguti, polepole, kama anavyopokonywa mtoto.

"Enda nyumbani. Hawa waliobaki nitawamaliza."

"Utawapeleka kwa kulabu yako?"

"Nitawachunia hapa kwako. Yangu haiguswi."

Munguti alitaka kucheka, akakohoa. "Kinyanjui akiuliza?"

"Umeenda matangani."

Kinyanjui alipokuja aliuliza, akaambiwa, akamtazama Kivuva chini ya kulabu ya Munguti, akatazama ngozi zilizotoka safi bila doa. Alisema tu, "Mpe pole," akachukua nyama yake. Mbuzi walikuwa wa Munguti, na hakuna mteja ambaye angeuliza zaidi ya hapo.

*

Jioni Kivuva aliingia nyumbani na ujira uliofungwa kwenye kitambaa, na miguu ya mbuzi ya supu ambayo kila mchunaji hupewa. Aliviweka mezani.

"Wamekupa kazi," Mutindi alisema, na uso wake ukafunguka.

"Ya Munguti. Vyote hivi ni vyake. Mpelekee Katee."

"Yeye yuko wapi?"

"Matangani."

Mutindi alimtazama mumewe. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amemsikia Munguti akikohoa upande wa pili wa mabati. Alitazama aproni iliyokuwa na damu kwa mara ya kwanza tangu kichinjio kifunguliwe, kisha akatoa sufuria yake kubwa, ile iliyosuguliwa kwa majivu, akatia miguu ndani, akaifunika.

Katee alifungua mlango nusu. Nyuma yake, Munguti alikuwa kitandani chini ya blanketi zote za nyumba.

"Umekuja na kina Kahiga?" Katee aliuliza.

"Nimekuja na supu."

Katee akaachia mlango.

Mutindi hakuingia ndani sana. Aliongea kwa sauti ya chini, akiwa bado ameshika sufuria.

"Mtoe hapa leo. Usimpeleke kwa Kahiga, mvushe ng'ambo, Athi River, kwenye hospitali ya kaunsili nyingine. Asilale na hii kitu nyumbani, Katee, nimeiona inavyofanya. Wakikuuliza alishika mnyama wapi, sema alichinja mbuzi wa matanga kwao Mwala. Kichinjio usikitaje kabisa."

"Wewe mbona ulikitaja?"

"Nilitaka apone."

"Na mimi sitaki?"

"Unataka. Ndiyo maana ninakufundisha."

Katee alifuta uso kwa ncha ya leso. Kutoka kitandani Munguti aliuliza ni nani.

"Sema nisikie," Mutindi alisema. "Alichinja wapi?"

"Mwala."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa matanga."

"Matanga ya nani?"

Katee alifungua mdomo, akaufunga. Hawakuwa wamefikiria kwamba lazima kuwe na aliyekufa.

"Siwezi kumtaja mtu aliye hai," alisema. "Nitamwitia kifo."

"Basi tafuta aliyekwisha kwenda."

Mutindi aliweka sufuria kizingitini, baina yao. Wakaanza kuhesabu ukoo wa Munguti kwa vidole, upande wa baba kwanza, kisha upande wa mama, wakitafuta marehemu ambaye hangekasirika kuzikwa mara ya pili.